Windows 8 na kitufe cha Start: waliopiga kelele na walionyamaza

Nimepotea kwa muda, kazi zilinizidi, lakini leo nimejipatia chai yangu ya saa nne na nina jambo linaloniwasha. Linahusu Windows 8. Ndiyo, ile ile ya mwaka 2012. Msinikimbie, nitaeleza kwa nini nairudia.

Mwaka 2025 watu waligombana sana na sura za simu na kompyuta zao. Mwezi Juni Apple walitangaza sura mpya waliyoiita Liquid Glass, kila kitu kinang'aa na kupitisha mwanga kama kioo, na Septemba 15 ikaingia kwenye simu za watu. Wengi wakasema maandishi hayasomeki vizuri. Kufikia mwanzoni mwa Novemba toleo la iOS 26.1 lilikuwa limeshaleta mahali pa kupunguza ule uangavu. Katikati ya hayo, Oktoba 14, Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 10, na watu waliokuwa wamekaa zao kimya wakajikuta wanasukumwa kwenda Windows 11, ambayo kitufe chake cha Start kimetoka kona ya kushoto na kuhamia katikati.

Sasa, kila mara kelele kama hizi zikianza, sisi watu wa kuandika programu tuna jibu letu moja. Tunasema: watu hawapendi mabadiliko, wape miezi miwili watazoea. Nimelisikia chuoni kutoka kwa mhadhiri, nimelisikia kazini kutoka kwa wenzangu, na mara nyingi anayelisema huwa anatabasamu kidogo. Mimi sikubaliani nalo. Nadhani jibu hilo linawatazama tu wale wanaopiga kelele, na wanaopiga kelele ndio walioumia kidogo kuliko wengine.

Turudi nyuma kwanza, maana wasomaji wengine hapa ni wadogo hamkuiona Windows 95.

Kabla ya hapo, ukiwasha kompyuta yenye Windows 3.1 ulikutana na dirisha lenye makundi ya aikoni, na ilikuwa juu yako kujua pa kubofya. Microsoft walipokuwa wanatengeneza Windows 95 waliwaita watu wa kawaida kwenye maabara, wakawakalisha mbele ya mashine, wakawatazama. Waliyoyaona anayajua mtu yeyote aliyewahi kufundisha kompyuta: mgeni hajui aanzie wapi, kubofya mara mbili kunamshinda, na dirisha moja likifunikwa na jingine anadhani lile la kwanza limepotea. Ule utepe wa chini unaoonyesha madirisha yote yaliyofunguliwa ulitokana na tatizo hili la mwisho. Kitufe cha Start kilitokana na lile la kwanza. Mwanzoni walikuwa na vitufe vitatu, System, Find na Help, kisha wakavikusanya kuwa kimoja na kukipa jina linalomwambia mtu aanzie hapo. Hata hivyo hawakuridhika. Ukiwasha Windows 95 mpya, mshale ulikuwa unateleza kwenye utepe kuelekea kitufe, pamoja na maneno ya kukuambia ubofye hapa uanze. Ilipozinduliwa, Agosti 24, 1995, matangazo yake yalitumia wimbo wa Rolling Stones, "Start Me Up". Walitaka hata kiziwi asikie!

(Najua, najua, kuna kile kichekesho kwamba ili kuzima mashine ilibidi ubofye neno la kuanza. Nimekicheka tangu shule ya msingi.)

Basi kwa miaka 17 kitufe hicho kilikaa chini kushoto. Windows 98, XP, Vista, 7. Rangi zilibadilika, XP ilikipaka kijani, Vista ikakifanya duara na kuliondoa neno lenyewe, lakini kona ilikuwa ile ile.

Huku kwetu kona hiyo ilibeba mzigo mzito zaidi. Wengi hapa Kenya hawakujifunza kompyuta kwa kuichezea nyumbani. Walijifunza kwenye vile vyuo vya ghorofani, juu ya duka la viatu, ambako unalipa kwa awamu unasoma pakeji. Shangazi yangu alikuwa na chuo cha namna hiyo Voi, na saiba upande wa mbele. Mashine sita za darasani, zote Windows XP, wanafunzi wawili kwa mashine moja. Shangazi alifundisha njia, kama unavyomwelekeza mgeni afike kwako: shuka stejini, pita kituo cha petroli, ingia kichochoro cha kinyozi. Bofya Start, nenda All Programs, nenda Microsoft Office, bofya Word. Wanafunzi waliandika hatua hizo daftarini kwa namba, wakazikariri, na siku ya mtihani walizitaja bila kutazama.

Najua wapo watakaosema huko ni kukariri, si kuelewa. Lakini jiweke mahali pao. Una saa moja kwa siku kwenye mashine, nusu ya hiyo saa kipanya kiko mkononi mwa mwenzako, nyumbani huna kompyuta, na lile neno Start kwako si hata neno la Kiingereza, ni umbo la kijani lililo pembeni. Umekuja kujifunza kuandika barua ya kuomba kazi. Kukariri njia ndiyo akili yenyewe. Mimi mwenyewe nikiwa Mombasa natembea hivyo hivyo, sijui jina la barabara hata moja zaidi ya zile kubwa.

Sasa tuje Windows 8. Mwaka 2010 Apple walileta iPad, na kila kampuni ya kompyuta ikaogopa kwamba kompyuta za mezani zinakwenda kufa. Microsoft wakaamua kutengeneza mfumo mmoja utakaofaa skrini ya kugusa na kompyuta ya kawaida pia. Septemba 2011 wakawapa waandishi wa programu toleo la kuonja, na Oktoba 26, 2012 ikaanza kuuzwa. Ukiwasha, badala ya ule uso uliouzoea unakutana na skrini nzima ya vigae vya rangi rangi. Uso wa zamani upo, ila umegeuzwa kuwa kigae kimojawapo. Ukiufungua unakuta ule utepe wa chini, unakuta aikoni zako, na kwenye ile kona ya kushoto hukuti kitu. Kitufe hakipo.

Hawakukiondoa kwa kukurupuka, na hapa ndipo habari inaponivutia kama mtu wa programu. Mkuu wa Windows wakati huo, Steven Sinofsky, alikuwa na timu iliyoandika makala ndefu ndefu za kueleza kila uamuzi. Kuhusu Start walikuja na namba. Kutoka Vista kwenda Windows 7 matumizi ya menyu ya Start yalikuwa yamepungua kwa asilimia 11, kwa sababu watu walikuwa wanabandika programu zao kwenye utepe wa chini na kuzifungulia hapo. Kwa hiyo, wakasema, menyu hii inazidi kuachwa na watumiaji wenyewe.

Namba hiyo sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni ilitoka kwa nani. Ilitoka kwa watu waliokubali kompyuta zao zitume taarifa za matumizi kwa Microsoft kupitia intaneti. Mashine za darasani za shangazi hazikuwa hata na waya wa intaneti, waya ulikuwa upande wa saiba tu, maana ndiko kulikolipa. Yule mwanafunzi mwenye daftari lenye hatua za namba hakuwamo kwenye hesabu, na asingeweza kuwamo. Na hata angekuwamo, kupungua kwa matumizi ya kitu hakukuambii yatakayotokea ukikiondoa. Mimi nakwenda kwa mama yangu mara moja kwa mwezi, siku hizi hata chini ya hapo. Hiyo si ruhusa ya kuihamisha nyumba yake bila kuniambia.

Kelele zilianza hata kabla haijauzwa. Machi 2012 Chris Pirillo, Mmarekani anayejulikana kwa video zake za teknolojia, alimkalisha baba yake mbele ya toleo la majaribio na kumrekodi bila kumsaidia. Mzee akaingia kwenye uso wa zamani na hakujua jinsi ya kurudi kwenye vigae. Anatafuta, anabofya huku na huku, wapi. Video hiyo ilitazamwa sana. Julai mwaka huo Gabe Newell wa Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta, akasema hadharani kwamba Windows 8 ni janga kwa watu wa kompyuta. Novemba, Jakob Nielsen, mtaalamu wa miaka mingi wa mambo ya urahisi wa kutumia programu, akaijaribu kwa watu 12 waliokuwa wazoefu wa kompyuta na kutoa ripoti mbaya: inamsumbua mgeni, inamsumbua na mzoefu. Nielsen alitania kwamba jina lenyewe la Windows, yaani madirisha mengi, halifai tena, kwa sababu programu mpya zilijaza skrini nzima moja moja. Mwezi huo huo, Novemba 12, ikatangazwa kwamba Sinofsky anaondoka Microsoft.

Lakini tazama hao waliosikika ni akina nani. Mtaalamu, mwenye kampuni, mzee ambaye mwanawe ana kamera na watazamaji. Hawa wana jambo moja wanalofanana: wote walijua kwamba kosa si lao. Na waliojua hivyo walikuwa na dawa. Kampuni ya Stardock iliuza programu iitwayo Start8 kwa dola 4.99 inayorudisha menyu. Nyingine, Classic Shell, ilikuwa ya bure kabisa. Dakika tano tu na kitufe kimerudi. Ila ili uitafute dawa ilibidi kwanza ujue kwamba mgonjwa ni Windows na siyo wewe.

Nawaletea mtu mmoja ambaye hakujua hilo.

Desemba 2013 nilikuwa nimemaliza kidato cha pili na nimepelekwa Voi kumsaidia shangazi saiba, kutoa fotokopi na kuwaprintia watu. Siku moja akaja mama mmoja tuliyemfahamu vizuri. Alikuwa katibu wa chama cha akina mama mtaani kwao, na mwaka mmoja kabla alikuwa amesoma pakeji hapo kwa shangazi, akalipa kwa awamu hadi mwisho, akapata cheti. Binti yake alikuwa anafanya kazi Doha na alikuwa amemletea laptopu mpya kwa mkono wa mwenzake aliyekuja likizo. Mama aliibeba imefungwa ndani ya leso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shangazi yako yuko?"

Shangazi alikuwa benki. Mama akasita kidogo, kisha akaifungua leso juu ya kaunta, akaifungua na laptopu, na akashusha sauti kwa sababu kulikuwa na wateja wengine.

"Hebu nitazamie. Nilikuwa naandika kumbukumbu za chama. Start imetoka. Sijui nimegusa nini ikatoka."

Nilichukua muda kuelewa anachosema. Yeye hakuwa anauliza kwa nini hii kompyuta haina Start. Aliamini ilikuwapo na yeye ndiye aliyeiondoa. Laptopu haijamaliza hata wiki mbili, binti amejinyima huko jangwani kuinunua, na yeye tayari ameiharibu. Hakuwa amemwambia binti. Alipompigia simu na kumuuliza kama laptopu ni nzuri, alimjibu ni nzuri sana, Mungu akubariki.

Nikamuuliza anaizima vipi. Akanionyesha: anabonyeza kile kitufe cha umeme na kukishikilia hadi ife. Alifanya hivyo kila siku, na kila mara, aliniambia, moyo ulikuwa unamdunda.

Ili kuizima sawasawa ilikuwa hivi. Peleka kipanya kwenye kona ya juu kulia au chini kulia, ambako hakuna alama yoyote. Subiri utepe mweusi uchomoze. Bofya Settings. Bofya Power. Bofya Shut down. Na kurudi kwenye vigae, peleka kipanya kwenye ile kona tupu ya chini kushoto, kijipicha kitatokea. Sasa ubofye pale pale konani, maana ukikifuata kile kijipicha kwa kukisogelea kidogo tu pembeni, kinapotea. Mkono wa mtu ambaye bado anajifunza kipanya haufiki konani na kutulia. Unapitiliza, unarudi, unapitiliza.

Kuna mtu ataniambia Windows 8 ilikuwa na maelekezo. Ni kweli! Mara ya kwanza unapoingia na jina lako, wakati inajiandaa, ilionyesha picha ya kukuelekeza usogeze kipanya kwenye kona yoyote. Lakini laptopu ile ilikuwa imeandaliwa Doha. Binti ndiye aliyefungua jina la mama, akaweka picha za wajukuu, akahakikisha kila kitu kiko tayari ili mama asipate taabu. Maelekezo yalijionyesha mara moja, kwa mtu ambaye hakuyahitaji, kwa upendo kabisa, na hayakurudi tena. Linganisha na ule mshale wa 1995.

Shangazi aliporudi alimfundisha upya. Walikaa Jumamosi tatu. Mama aliandika hatua mpya daftarini, ila zilikuwa ngumu kuandika, kwa sababu unaandikaje hatua ya kubofya mahali pasipo na kitu? Shangazi akachora mstatili na kuweka nukta kwenye pembe zake. Jumamosi ya nne mama alikuja bila laptopu. Amempa kijana wake aliyekuwa anaingia chuo. Akaomba mashine ya XP, akalipa shilingi moja kwa dakika kama mteja mwingine yeyote, akaandika kumbukumbu za chama. Akaendelea hivyo. Shangazi alipomuuliza alisema hizo ni za watoto, mimi umri umenipita. Alikuwa na miaka arobaini na kitu.

Hakulalamika popote. Kwenye hesabu za Microsoft yeye ni leseni moja iliyouzwa, tena bila tatizo lolote, ile laptopu haikurudishwa dukani. Mei 2013 kampuni ilikuwa imetangaza kwamba leseni milioni 100 za Windows 8 zimeshauzwa. Sina njia ya kujua wangapi kati yao walikuwa kama yeye, na hilo ndilo linalonikera, kwamba hata Microsoft wenyewe, na mitambo yao yote ya kukusanya taarifa, hawakuwa na njia ya kujua. Mashine haihesabu aibu. Inahesabu mibofyo, na mtu aliyeifunga laptopu habofyi kitu.

Niwe mwadilifu hapa. Ndani yake Windows 8 ilikuwa mfumo mzuri. Iliwaka haraka kuliko Windows 7 kwenye mashine ile ile. Ukiwa kwenye vigae ukaanza tu kuandika jina la programu, inakuletea, jambo ambalo mpaka leo nalitumia kila siku. Nilipofika chuoni na kusoma mambo ya mifumo ya uendeshaji niliiheshimu zaidi. Na sisemi sura zisibadilishwe, mimi kazi yangu ni kubadilisha sura. Ila ile ya kuandika jina la programu nayo ilikuwa imefichwa, hakuna kisanduku, hakuna kishale, ilibidi uambiwe na mtu. Mfumo mzima ulijengwa kwa ajili ya mtu ambaye ana mwenzake wa kumnong'oneza.

Baadaye Microsoft walirudi nyuma hatua kwa hatua, na utaratibu wenyewe unachekesha. Oktoba 17, 2013 ikaja Windows 8.1 na kitufe kikarudi konani. Ukikibofya? Vigae vile vile. Kitufe kilirudi bila menyu yake. Aprili 8, 2014 wakaongeza kitufe cha kuzimia kwenye skrini ya vigae, na alama ya X ya kufungia zile programu mpya, maana hata hiyo hawakuwa wameiweka. Siku hiyo hiyo ya Aprili 8, 2014 ndiyo waliyoacha kuihudumia Windows XP. Shangazi alizisoma habari zote mbili siku moja na kusema jambo ambalo siwezi kuliandika hapa, hehe. Menyu yenyewe ilirudi na Windows 10, Julai 29, 2015. Namba 9 waliiruka.

Kwa hiyo wale waliopiga kelele walishinda. Iliwachukua karibu miaka mitatu, na katika muda huo walikuwa na Classic Shell. Katibu wa chama hakushinda kitu. Menyu iliporudi, laptopu ilikuwa imeshakwenda.

Ndiyo maana ninaposoma malalamiko ya siku hizi nayagawa mafungu mawili, na hayana uzito sawa. Liquid Glass, kwa mfano, sehemu kubwa ni mambo ya macho. Macho ni muhimu, asiyeona vizuri anaumia kweli, lakini vitu vingi vilibaki mahali pake na anayeumia anaona wazi kinachomuumiza: hayasomeki. Fungu la pili ni la njia. Windows 11 ilipotoka Oktoba 5, 2021 ilihamisha Start katikati, ikazuia watu kuupeleka ule utepe wa chini kwenye upande mwingine wa skrini, ikakusanya madirisha ya programu moja chini ya aikoni moja bila maandishi. Hayo maandishi yalirudi mwaka 2023. Kwa mtu mwenye madirisha mawili ya Word, la barua na la bajeti, ambaye alizoea kusoma majina yao pale chini, dirisha lililofichwa chini ya aikoni limepotea. Ni tatizo lile lile la tatu la maabara ya Windows 95, limefufuliwa.

Kazini kwangu tunatengeneza mfumo wa mauzo wa maduka ya dawa. Wahudumu wa madukani huutumia bila kutazama, mkono mmoja kwenye kibodi na mwingine unatafuta dawa kwenye rafu. Nina faili ninaloliweka mwenyewe, hakuna aliyeniagiza, la simu za msaada zinazoanza na maneno "sijui nimegusa nini". Simu za watu wanaolalamika hazinipi shida, wale huwa wanajua wanachotaka na hukitaja vizuri, wengine kwa matusi. Lakini tukitoa toleo jipya na lile faili likaanza kurefuka, najua tumehamisha kitu ambacho mtu alikuwa amekikariri. Mara mbili nimeshinda mkutano kwa kulisoma faili hilo kwa sauti. Mara nyingine nimeshindwa, mkubwa akasema watazoea.

Haya, nimalizie na mambo ya vitendo kwa sababu najua wengi wenu mtaombwa na wazazi na majirani muwahamishie mashine kwenda Windows 11. Kabla hujamrudishia mwenyewe, ingia Settings, Personalization, Taskbar, kisha Taskbar behaviors. Pale pa kupanga aikoni chagua Left, kitufe kitarudi kona yake. Hapo hapo, pale pa kukusanya vitufe vya utepe, chagua Never ili majina ya madirisha yaonekane. Halafu kaa naye aizime na kuiwasha mbele yako, yeye mwenyewe, kipanya mkononi mwake. Maelekezo yoyote ya mara ya kwanza usiyabofye wewe kwa niaba yake, mwache ayaone.

Wiki ijayo nina mashine tisa za shule moja ya msingi. Nne ni za mtumba kutoka Uingereza na Windows 11 inazikataa, prosesa ni za zamani na TPM 2.0 hazina. Hizo nitaziwekea Linux Mint, yenye meza ya Cinnamon. Mwalimu wa kompyuta aliponiuliza kama watoto watapotea nilimwonyesha kwenye laptopu yangu: menyu yake iko chini kushoto.